Gogo Moja, Mabakuli Matatu

Hotuba kwa mafundi seremala na wanafunzi wa useremala, Kisumu

Ndugu Mwenyekiti, walimu, mafundi wenzangu mliofunga karakana zenu ili mje hapa, na ninyi vijana ambao bado mkihesabu vidole vyenu mnavipata vyote kumi: itifaki imekwisha kuzingatiwa na walionitangulia, kwa hiyo mniruhusu niende moja kwa moja kwenye meza hii.

Juu yake kuna mabakuli matatu. Walioketi nyuma watayaona vizuri nitakapoyapitisha, ila kwa sasa niwaeleze yalivyo. La kwanza lina mistari iliyopinda sakafuni kama pinde mbili zilizopeana migongo, na ukingo wake ni mweupe pande mbili, mwekundu-kahawia pande mbili. La pili lina duara ndefundefu, moja ndani ya nyingine, kama maji ya ziwa pale kokoto inapozama. La tatu halina pinde wala duara. Sakafu yake yote imejaa madoa yanayometa na kuzima kadiri unavyoligeuza, mfano wa magamba ya ngege aliyetoka majini sasa hivi. Mteja mmoja alipoyaona kibandani kwangu aliniuliza ni miti gani hiyo mitatu. Nilimjibu kwamba ni mti mmoja, tena si mmoja kwa jina tu, bali ni gogo moja la mgrevilea uliokuwa umepandwa mpakani mwa shamba huko Vihiga, gogo lisilozidi urefu wa mita moja. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama muuzaji wa dawa za barabarani.

Hata hivyo nilikuwa nasema kweli, na mazungumzo yangu ya leo hayatatoka nje ya jambo hilo. Tofauti iliyo ndani ya mti, kati ya mti na mti, na hata kati ya upande na upande wa gogo lile lile, ndiyo mali tunayouza sisi wakerezaji, nasi tumekuwa tukiificha kana kwamba ni aibu. Pita leo soko la Kibuye au penye mafundi wa samani popote Nakuru, uulize kabati ni la mti gani. Utaambiwa ni mahogani. Saipresi ni mahogani, mgrevilea ni mahogani, hata mkaratusi uliokatwa juzi ni mahogani, kwa sababu kopo la rangi lililomwagwa juu yake limeandikwa hivyo. Siwalaumu wauzaji peke yao. Mnunuzi amezoezwa kupenda wekundu ule ule, nasi tumemzoeza.

Nitaanza na neno lenyewe. Kukata mti unaozunguka huitwa kukereza, na mashine ambayo wengi wenu mnaiita lethi ina jina lake la Kiswahili, keezo. Mafundi wa pwani walikereza miguu ya vitanda na viti tangu zamani, na aliyefika Lamu akatazama vitanda vya kale anajua kiwango cha kazi ile. Huku kwetu keezo limefanya kazi moja zaidi ya nyingine zote: miguu ya sofa, nguzo za vitanda na vijiti vya ngazi. Hiyo ni kazi ya kukereza mti ukiwa umelala kwa urefu wake, nyuzi zikienda sambamba na mhimili wa mashine. Bakuli ni jambo jingine. Kwa bakuli, nyuzi zimekatiza mhimili, na kila mzunguko mmoja patasi yako hukutana na ubavu wa nyuzi mara mbili na ncha za nyuzi mara mbili. Anayekuja kwenye bakuli na mazoea ya mguu wa sofa atajuta ndani ya dakika tano.

Wala tusidhani kwamba bakuli la mti ni geni magharibi mwa Kenya kwa kuwa vyombo vya nyumbani vilikuwa agwata za kibuyu na vyungu. Itazameni nyatiti, kinanda cha nyuzi cha Wajaluo. Chini ya nyuzi zake nane kuna bakuli la mti lililochongwa likafunikwa ngozi ya ng'ombe, na hakuna mashine iliyoligusa. Ni tezo, patasi na macho ya mtu. Fundi wa nyatiti hulazimika kuujua mti wake, kwa sababu ukuta usiolingana utamsema mbele ya watu siku chombo kitakapopigwa. Sisi wa keezo tuna umeme, na umeme unamwezesha mtu kufanya kazi bila kuutazama mti. Hapo ndipo tulipopotelea.

Sasa, mti tunaupata wapi? Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na tangazo la kuondoa marufuku hiyo halikuja hadi Julai 2023. Miaka ile mitano iliwaumiza wenye viwanda vya mbao, lakini kwangu mimi ilikuwa shule. Nililazimika kuacha kutazama mbao zilizopangwa dukani nikaanza kutazama kuni. Ndiyo, kuni. Mwembe ulioangushwa na upepo, mparachichi uliozeeka, mjakaranda uliokatwa kwa sababu ya nyaya za umeme, mgrevilea wa mpakani: hiyo yote huishia jikoni au kwenye tanuri la matofali, ilhali mkerezaji hahitaji ubao wa futi kumi na mbili. Anahitaji kipande cha mkono mmoja. Kuna miti ya aina yake ambayo siigusi hata nikiletewa. Mwiritsa, ule ambao gome lake hutafutwa na watengenezaji wa dawa za tezi dume na ambao biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu 1995, ni mti wa kuachwa usimame. Lakini mashambani mwetu kuna miti ya kutosha mabakuli ya vizazi viwili, na tunaichoma.

Ukishalipata gogo, usikimbilie msumeno. Lisimamishe uutazame uso wake wa juu. Katikati kuna kitovu, kile kijiuti laini ambacho mti ulianzia ukiwa mche. Kuzunguka kitovu kuna kiini, mbao iliyokolea rangi, ambayo haipitishi tena maji. Na kuzunguka kiini kuna mbao nyeupe ya nje, ambayo mti ulikuwa ukiitumia kupandisha maji hadi siku ulipokatwa. Shuleni tulifundishwa kuhesabu pete ili tujue umri wa mti. Somo hilo liliandikwa penye baridi kali, ambako mti hulala miezi kadhaa kisha ukaamka. Huku kwetu mvua huja mara mbili kwa mwaka, na kuna miti mingi ambayo pete zake hazionekani, au huonekana mbili kwa mwaka mmoja, au hufifia upande mmoja na kukolea upande wa pili. Usihesabu pete kwa ajili ya umri. Zitazame kwa ajili ya umbo, kwa kuwa zitakuambia mti ulisimamaje.

Kama kitovu kiko katikati, mti ulisimama wima. Kama kimesogea upande, basi mti uliinama, au hilo si shina bali ni tawi. Mti wenye majani mapana ukiinama hujiimarisha kwa kuongeza mbao upande wa juu, ule unaovutwa. Saipresi hufanya kinyume, huongeza upande wa chini, ule unaobanwa. Mbao hiyo ya ziada ina tabia mbaya: husinyaa isivyotarajiwa, na kwenye miti ya majani mapana hutoka manyoya chini ya patasi hata ukiinoa vipi. Mimi huipeleka jikoni bila huruma. Hiyo ndiyo tofauti pekee katika mti ambayo sijapata namna ya kuipenda.

Kitovu chenyewe ni lazima kitoke. Unalipasua gogo kwa urefu, msumeno ukipita juu ya kitovu, kisha unaondoa kila upande unene wa vidole viwili hivi. Ukikiacha ndani ya bakuli, ufa utaanzia hapo, na hakuna gundi itakayokuokoa. Baada ya hapo ndipo unapofika kwenye uamuzi uliozaa mabakuli haya matatu. Nusu ya kwanza niliielekeza mdomo wa bakuli kwenye kitovu, na sakafu ikatazama gome. Ndiyo maana mna pinde sakafuni na weupe kwenye ukingo. Nusu ya pili niliigeuza, mdomo ukatazama gome na sakafu ikakaribia kitovu. Nilipochimba nikakata pete moja baada ya nyingine, zikawa duara za maji. La tatu nililitoa katika kipande kilichochanwa kama keki, kutoka kitovuni kwenda nje, nikalikereza ubavu.

Madoa yale yanayometa yana asili yake. Kila mti una mishipa inayokwenda mlalo, kutoka ndani kuelekea gome. Kwenye miti mingi ni myembamba mno usiione. Mgrevilea, ambao kwao ni mashariki mwa Australia na ambao ulienea kwetu kama mti wa kivuli kwenye majani chai na kahawa, una mishipa mipana sana. Ukiikata kwa upana wake, inafunguka kama kurasa. Ukiikata ncha, huoni ila vijistari. Ni mishipa ile ile. Sisi tunaoipaka rangi ya mahogani tunaupaka rangi mti wenye urembo ambao mahogani halisi haina. (Walio na ngozi nyepesi ya kuwashwa wajihadhari na mgrevilea mbichi, maji yake na vumbi lake huwatoa watu wengine vipele, nami ni mmoja wao.)

Nije kwenye mashine. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo, na nyenzo zetu nyingi ni za kuunga: mota ya posho mill iliyokufa, puli mbili, fremu ya chuma cha pembe. Sina ubaya nazo. Langu la kwanza lilikuwa hivyo. Ila ijueni hesabu moja. Kipenyo cha bakuli kwa inchi ukikizidisha kwa mizunguko ya kila dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 10, basi, lizunguke mara 600 hadi 900 kwa dakika, na likiwa bado lina pembe, uanze chini ya hapo. Mota yetu ya kawaida huzunguka mara 1,440 hivi. Ukiifunga moja kwa moja bila kupunguza kwa puli, umetengeneza kombeo. Hata kwa mizunguko 800, ukingo wa bakuli la inchi 10 unapita mbele ya vidole vyako kwa zaidi ya mita 10 kwa sekunde, mwendo wa bodaboda yenye haraka kidogo. Kwa hiyo ngao ya uso ni lazima, mikono ya shati iwe mifupi au imebanwa, na akina dada wafunge vilemba vyao vizuri. Hilo la usalama nalipita upesi si kwa kuwa ni dogo, bali kwa kuwa walimu wenu wanalisema kila siku.

Chombo chenyewe ni bobari, ile patasi iliyokunjwa kama mfereji, ambayo wengine mnaiita gauji. Unaiweka kwenye egemeo lake, unashusha mkono wa nyuma, na kabla makali hayajagusa chochote, mgongo wake, ule mteremko ulionolewa nyuma ya makali, ndio unaotangulia kuugusa mti. Hapo utasikia mti ukigonga tu, tak-tak-tak, bila kukatika. Kisha unainua mkono wa nyuma polepole, unywele kwa unywele, mpaka uzi mwembamba wa maranda utoke. (Nasema maranda ya mbao, si ile shule ya Bondo.) Kwa nje unakata kutoka kwenye kitako kwenda kwenye ukingo, kwa ndani unakata kutoka kwenye ukingo kwenda katikati. Sababu ni kwamba kwa mwelekeo huo kila uzi unaokatwa umeegemea uzi mwingine chini yake. Ukienda kinyume, uzi hauna wa kuuegemea. Badala ya kukatika unang'oka, na unang'oka mahali pale pale pawili, pale penye ncha za nyuzi. Msasa hauondoi majeraha hayo. Utasugua mpaka jioni, na bakuli litakuwa limeliwa sehemu laini na kubaki na mgongo sehemu ngumu. Hata neno msasa, mkumbuke, ni jina la mti. Majani yake yanayokwaruza ndiyo yaliyolainisha mbao kabla ya karatasi hizi za dukani.

Mti mbichi ni raha kuukereza. Maranda hutoka marefu kama utepe, maji hukurukia usoni, na karakana yote hunukia: mgrevilea una harufu ya kichungu kidogo, musine una ukali unaopanda puani, saipresi hunukia kama kanisa lililosuguliwa sakafu. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini samaki huyu ukishamkunja huendelea kujikunja mwenyewe, na hapa ndipo mabakuli mengi ya vijana hufia.

Mti mbichi unaweza kubeba maji yenye uzito sawa na wa mbao yenyewe, au hata zaidi. Maji yaliyo wazi ndani ya matundu hukauka kwanza, na hapo mti haubadiliki umbo. Yakibaki kiasi cha asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, ndipo yanapoanza kutoka yale yaliyoshikamana na kuta za nyuzi, na mti huanza kusinyaa. Hausinyai sawasawa. Kwa urefu wa nyuzi hausinyai karibu hata kidogo. Kwa upande unaotoka kitovuni kwenda gome husinyaa kiasi. Kwa upande unaofuata mzunguko wa pete husinyaa takriban mara mbili ya hapo. Kwa hiyo bakuli ulilolikereza likiwa duara kamili litakuwa yai. Hilo si kosa lako wala la mti. Ni hesabu yake.

Dawa yake ni kulikereza mara mbili. La kipenyo cha sentimita 25 unaliachia ukuta wa sentimita 2.5, yaani sehemu moja ya kumi, kisha unalitumbukiza katika mfuko wa karatasi wa unga pamoja na maranda yake lenyewe, ili likauke bila pupa. Mimi hutumia mizani ya jikoni, ya mke wangu, kwa idhini yake. Bakuli moja kati ya haya lilianza na gramu 1,640. Nikaandika kwa penseli chini ya kitako, tarehe na uzito, kila Jumamosi. Baada ya wiki kumi na moja lilisimama kwenye gramu 1,010, na Jumamosi mbili zilizofuata halikupungua. Nililipima: upande wa nyuzi lilikuwa bado na sentimita 25, upande wa pili lilikuwa limebaki na 23.9. Hiyo tofauti ya sentimita moja na kidogo ndiyo unene wa akiba uliouacha kwa ajili yake. Ukalirudisha kwenye keezo, ukaondoa umbo lile la yai, na ukuta ukabaki wa milimita nane.

Na hata likikauka, halijakufa. Niliwahi kukereza kijaluba chenye kifuniko, kikafunga hapa Kisumu kwa sauti ile tamu ya kizibo. Aliyekinunua alikipeleka Nakuru mwezi wa Januari, na baada ya wiki tatu akapiga simu kwamba kifuniko kinacheza. Sisi hapa tuko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, tukipumua ziwa. Nakuru ni mita 1,850, na upepo wa Januari kule unajua kukausha. Nilimwambia asubiri mvua za Aprili. Mwezi wa Mei alipiga tena kusema kifuniko hakifunguki.

Sasa nizungumzie mti mmoja mmoja, ingawa kila fundi atasifu wake. Mukumari ndio ninaompa mwanafunzi aanze nao: mwepesi, mpole kwa patasi, kiini chake cha waridi-kahawia na weupe wake wa nje vikipishana bila kugombana. Siala ni wa kimanjano hafifu, mtulivu, na wazee waliujua kwa nguzo na mipini kabla yetu. Mjakaranda ni mweupe karibu wote na hauna la kusema mpaka ukutane na panda, mahali shina lilipogawanyika. Hapo nyuzi za matawi mawili zimefumana, na ukikata katikati unapata kitu kama unyoya wa ndege. Mutamaiyo, mzeituni wa mwitu wa nyanda za juu za Nakuru, ni mgumu wa kumaliza makali, lakini michirizi yake myeusi juu ya rangi ya asali inakufanya umsamehe. Mkaratusi una hasira iliyofungiwa ndani. Ukikata tu gogo, kichwa chake hupasuka nyota mbele ya macho yako.

Mwembe ndio nautetea sana, kwa sababu hakuna anayeuheshimu. Ukikatwa ukaachwa chini kwenye unyevu miezi kadhaa, kuvu huingia. Kuvu za aina mbalimbali zikikutana ndani ya mti kila moja hujichorea mpaka, mstari mweusi mwembamba kama wa kalamu ya wino. Ukiwahi kabla mti haujawa sponji, unapata bakuli lenye ramani ambayo hakuna mkono uliyoichora. Ukichelewa, unapata mbolea. Na uvae barakoa, maana hiyo ni kuvu unayoivuta.

Mvule una siri yake, nami niliijua kwa hasara. Nilinunua gutu la mvule lililotoka kwenye boma moja Siaya, la manjano likikatwa na la dhahabu likikaa. Nilipokuwa ndani ya bakuli, bobari ikalia kama ufunguo uliodondoka kwenye saruji, na kwenye makali pakawa na pengo la ukubwa wa punje ya mtama. Nilichimba nikakuta jiwe. Jiwe kweli, la kijivu-jeupe, katikati ya mti mzima usio na ufa. Nilimwendea aliyeniuzia kwa maneno ambayo siyarudii mbele ya walimu, nikidai kwamba alilishindilia ili kuongeza uzito. Mzee mmoja aliyekuwa akiunda mashua pale ndiye aliyenitoa aibu: mvule hujijengea mawe ya chokaa ndani ya mwili wake, na mbao iliyo karibu na jiwe huwa imekolea rangi kuliko nyingine. Tangu siku hiyo nikiona doa jeusi kwenye mvule napunguza mwendo. Jiwe lile silitoi tena likiwa imara. Nalisugua pamoja na bakuli.

Kuna hoteli moja iliyowahi kuniagiza mabakuli arobaini ya mukumari. Nilipeleka sampuli moja, ikapendwa. Nilipopeleka arobaini, kumi na manne yalirudishwa kwa kuwa hayakufanana na sampuli: haya yana weupe, haya yamekolea, hili lina kifundo. Nilikasirika, kisha nikafanya jambo baya zaidi ya hasira. Niliyapaka yote kumi na manne rangi ya mahogani na kuyarudisha, yakapokelewa kwa furaha. Miezi minne ya kuoshwa kwa maji ya moto ilitosha. Rangi ilianza kutoka kwenye kachumbari, na safari hiyo yalirudi yote arobaini. Siwezi kusema walikosea. Siku hizi sipeleki sampuli moja. Napeleka tatu: jeupe kuliko yote nitakayotengeneza, jeusi kuliko yote, na la kati, na nasema wazi mbele ya karatasi ya malipo kwamba mengine yataangukia humo katikati. Tangu nianze hivyo sijarudishiwa bakuli kwa sababu ya rangi, na wanunuzi wawili au watatu wameniomba jeupe na jeusi wenyewe, wayaweke pamoja mezani.

Umaliziaji hauna mengi. Msasa wa 120, 180, 240, 320, bila kuruka. Mafuta ya kitani yaliyo safi, yasiyotiwa dawa za kukausha kama yale ya rangi za nyumba, yaachwe yakauke siku kadhaa. Kisha nta ya nyuki iliyosuguliwa kwa kitambaa wakati bakuli likizunguka. Vanishi nzito kwenye chombo cha chakula siitaki, kwa kuwa siku ikianza kubanduka hakuna wa kuirekebisha, ilhali mafuta mwenye nyumba anaweza kuyapaka tena mwenyewe.

Ndugu Mwenyekiti ananionyesha saa. Nayapitisha mabakuli sasa, kuanzia mstari wa mbele. Lishikeni la tatu karibu na dirisha, mligeuze taratibu, mtaona madoa yakihama kutoka upande mmoja hadi mwingine. La kwanza lipimeni kwa vidole, mtahisi mahali weupe unapokutana na kiini, kwa kuwa hata baada ya msasa wote ule mpaka huo haujakubali kuwa laini sawasawa. Na lile dogo la mwembe, lenye mistari ya wino, ambalo sikuliweka mezani na linatoka sasa mfukoni mwangu, lina mwenyewe tayari na anakuja kulichukua saa kumi, kwa hiyo naomba lirudi.